Sili ya Krenki na Mlingoti wa Antena

Kwenye Corolla 110, mbele ya injini si mbele ya gari. Injini imelazwa kukingama, kwa hiyo upande ambao mafundi wanauita mbele umeelekea tairi la kulia, chini kabisa, mahali ambapo hata jua la saa sita linaingia kwa kubisha hodi. Shemeji yangu alikuwa halijui hilo. Alifungua boneti, akainama juu ya rejeta, akachungulia na tochi ya simu kwa muda mrefu sana, kisha akanyooka na kutangaza:

"Sili ya mbele nzima kabisa, Shem. Haina hata tone."

Wakati anatangaza, oili ilikuwa inadondokea kandambili yake.

Gari lenyewe ni la mwaka 1998, injini 5A-FE, cc 1498, otomatiki. Lina umri mkubwa kuliko ndoa yangu na mke wangu hunikumbusha kila akiniona nalipapasa boneti. Kuvuja lilianza taratibu, doa moja asubuhi, halafu madoa yakazaana. Sili ya krenki ni ringi tu ya mpira. Inakumbatia ncha ya krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, pale inapotokeza nje ya injini kwenda kushika puli, na mdomoni ina chemchemi nyembamba inayoubana mpira usilegee. Mpira ukipikwa na joto la injini miaka ishirini na ushee unakuwa mgumu, unaacha kubana, na oili inapata njia. Ubaya ni kwamba jirani wa kwanza wa sili hiyo ni mkanda wa taimingi, ule unaozungusha kemu ya kufungulia vavu, nao ni mpira vilevile. Mkanda ukiogeshwa oili kila siku unalainika, na siku ukiruka meno gari linazima mbele ya lori la mchanga.

Mama mwenye nyumba hakujali mkanda. Alijali sakafu. Ua wetu pale Tabata ulikuwa umemwagwa saruji mpya kwa ajili ya sendofu ya binti yake, Jumapili, na wageni wa upande wa bwana harusi walikuwa wanatoka Morogoro. Kwanza alinipa boksi la kutandika chini ya gari. Boksi likalowa. Akanipa ndoo. Ndoo ilipoanza kujaa akaniita barazani, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, ile inayotisha kuliko ya juu: "Baba, nakuheshimu. Jumamosi jioni sitaki kuona gari wala doa lake."

Fundi wa gereji alinitajia bei ya kazi. Nikamwomba arudie. Akarudia ikiwa imeongezeka. Sili yenyewe ni ya bei ya kilo chache za mchele. Kinacholipiwa ni safari ya kuifikia. Unatoa tairi, unatoa plastiki ya kuzuia tope, unalegeza mikanda ya alternata na stelingi, unatoa puli ya krenki, unaishikilia injini kwa jeki ili utoe maunti ya kulia, unatoa tapeti kava, yaani mfuniko wa juu wa injini, unatoa makava ya taimingi, unatoa mkanda, unatoa gia yake, na hapo ndipo unaiona sili imekaa kimya, haijui kwamba umeibomoa nyumba nzima kwa ajili yake.

"Usipoteze hela," Shem akasema. "Mimi nimekaa gereji."

Alikuwa amekaa kweli. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa anauza chai.

Jumamosi asubuhi tukalinyanyua gari, tukaweka magogo chini ya chesesi, tairi la kulia likatoka. Mzee wa chumba cha mwisho alikuwa ameshatoa kiti chake cha kukunja, amekiweka kivulini. Mzee huyu alikuwa fundi wa vichwa vya treni mpaka alipostaafu, na ni mtu wa maneno machache. Mimi nikampa shikamoo yake. Shem akapita na spana mkononi akamwambia, "Mambo vipi, dingi?"

Mzee akamtazama. Akafungua gazeti.

Kazi yote ilikwama kwenye boliti moja, ile ya katikati ya puli, namba 19. Shem aliweka spana ya boksi, akaweka hendeli, akakanyaga. Boliti ikazunguka! Akapiga kelele za ushindi, mpaka tukagundua kwamba boliti inazunguka pamoja na puli, puli pamoja na krenki, na injini yote inazunguka nayo, inahema fyuu, inatulia, inahema tena. Gari la manyuo ungeliweka gia kubwa, mtu mwingine akakanyaga breki, injini ingeshikwa. Otomatiki haishikwi hivyo. Ukisukuma boliti, unasukuma na injini inakufuata kwa adabu zote.

Shem akasema kinachohitajika ni nguvu ya ghafla, na nguvu ya ghafla inataka mkono mrefu. Akapotea nyuma ya nyumba. Akarudi amebeba begani bomba la chuma la inchi moja na nusu, refu kama la kupandishia bendera.

"Umelitoa wapi?"

"Lilikuwa limesimama tu."

Watu wa nyumba za kupanga mtakuwa mmeshaelewa. Ule ulikuwa mlingoti wa antena. Antena yenyewe aliilaza chini kwa heshima, ikitazama ukuta wa choo. Na hiyo ilikuwa Jumamosi ya Simba na Yanga, mechi saa kumi na moja jioni, na televisheni ya barazani kwa Mama mwenye nyumba ndiyo televisheni ya ua mzima, pamoja na nyumba mbili za jirani na kijana wa bodaboda wa kona.

Basi bomba likavishwa kwenye hendeli, likaelekezwa nyuma ya gari, sambamba na milango. Shem akaning'inia juu yake. Injini ikahema. Akapata wazo jingine: badala ya mtu kuchoka, uzito uachiwe wenyewe ufanye kazi polepole. Akachukua ile ndoo ya oili chafu, akaongezea mawe, akaitundika kwenye ncha ya bomba. "Iache hivyo, Shem. Chuma kinalegea kwa subira." Kisha, kwa busara ambayo mpaka leo sijui ilimtoka wapi, akachomoa soketi ya distribyuta, ili mtoto yeyote akichezea ufunguo gari lisiwake.

Saa kumi na moja ikagonga. Barazani picha ikakatika vipande vipande, ikaganda mchezaji mmoja akiwa mguu juu, halafu kioo kikaandika: hakuna mawimbi. Watu wakapigapiga king'amuzi. Wakachomoa waya, wakachomeka. Mtu mmoja akatoka nje kutazama juu, akabaki anatazama anga mahali palipokuwa na antena, kimya, mdomo wazi.

Sitaki kueleza maneno yaliyosemwa. Kulikuwa na watoto.

Kijana wa bodaboda ndiye aliyekumbuka redio ya gari. Sasa, swichi ya gari langu imelika. Pale unapotaka ikupe redio, inateleza na kukupa stata; mwenyewe naibembeleza kwa vidole viwili. Nilikuwa upande wa pili wa ua nilipomwona anaufungua mlango. Nikafungua mdomo kumwambia. Hakuningoja, dakika za mechi zilikuwa zinakwenda.

Krenki ya Toyota, ukisimama ukaitazama kutoka upande wa puli, huzunguka kufuata mishale ya saa. Hilo ni jambo la kitabuni, na watu wengi hulijua wakaishi nalo vizuri bila kuliona kwa macho. Sisi tuliliona. Stata iliponguruma, bomba lililokuwa limelala kuelekea nyuma lilinyanyuka na ndoo yake, likapanda juu, likapita usawa wa kioo cha dereva kijana akiwa ndani anatazama, likavuka, likashuka mbele ya gari na kugonga saruji mpya kwa kishindo ambacho wa nyumba ya tatu walidhani transfoma imelipuka. Ndoo haikushuka nalo. Ndoo iliachia pale juu kabisa, ikaendelea na safari yake peke yake, ikageuka kichwa chini hewani, na yote iliyokuwa nayo ikaiacha juu ya kamba ya nguo.

Kwenye kamba kulikuwa na mashuka meupe ya meza kuu.

Na redio ikashika wakati huohuo. "Gooooli!" Mtangazaji alilia goli hilo kwa pumzi yote, na kabla hajataja mfungaji, yule kijana, kwa hofu, akauchomoa ufunguo. Nusu ya ua ikaruka kushangilia. Nusu nyingine nayo ikaruka kushangilia. Wakakumbatiana wa Jangwani na wa Msimbazi, mashuka yanadondosha oili nyuma yao, mpaka mmoja akauliza, "Kwani kafunga nani?"

Shem hakuwa anasikiliza. Alikuwa amepiga magoti kwenye tairi la kulia. Akagusa boliti kwa kidole. Ikazunguka yenyewe, puli imetulia.

"Imeachiaaa!" Alikuwa mtu pekee Tabata nzima aliyekuwa na uhakika anashangilia nini.

Bila shaka mafundi wengine hutumia stata makusudi, bomba likiwa limeegemezwa chini upande wa mbele ili lisiwe na pa kwenda, na hakuna mtu karibu. Ni mbinu ya zamani na ya hatari. Ndoo haimo.

Mama mwenye nyumba alitoka, akatazama mashuka. Akatazama saruji, ambayo sasa ilikuwa na tundu la ukubwa wa sahani. Akaingia ndani bila kusema neno. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, heri angetukana."

Usiku tulifanya kazi kwa taa ya chaji. Puli ikatoka kwa kuivutavuta. Makava yakatoka, na mkanda ukatoka ukiwa umelowa na kuvimba, unateleza mkononi. Alama tulizipanga kabla ya kuutoa: ya puli ya krenki kwenye sifuri, na tundu dogo la puli ya kemu sawa na alama iliyo nyuma yake. Shem alizipiga picha, halafu akaongezea za kwake kwa rangi ya kucha ya dada yake. Hapo simcheki. Asiyeweka alama huja kulia.

Asubuhi ya Jumapili ikatukuta hapo. Sili ilikuwa mbele ya macho yetu, nyeusi, imekauka, na Shem ameikabili na bisibisi bapa ile kubwa, anataka kuichokonoa itoke. Ndipo gazeti likakunjwa.

"Kijana," Mzee akasema, "ukiikwaruza hiyo krenki, hata nikikuletea sili ya dhahabu itavuja."

Shem akasimama. Wakatazamana. Nikamkonyeza. Akakonyezeka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari ya tangu jana?"

Tangu hapo kazi ikawa kazi. Mzee akavua saa, akachana ule mdomo wa mpira kwa kisu kidogo ili uishiwe nguvu, akaifunga ncha ya bisibisi kwa utepe wa umeme, akaiinua sili upande huu kidogo, upande ule kidogo, ikatoka yenyewe. Ile chemchemi ikaruka ikanasa kwenye nywele za Shem, akakaa nayo asubuhi nzima. Mzee akapitisha ukucha kwenye krenki kuzunguka, akasikilizia. Hakuna mfuo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akasema kama anayejisemea:

"Boliti ile ilikuwa kazi ya kamba tu."

"Kamba gani, Mzee?"

"Unatoa plagi moja, pistoni ikiwa chini, vavu zimefunga, na ukizungusha upande wa kufungulia inaanza kupanda. Unaingiza kamba laini ndani ya silinda, kichwa chake unabaki nacho nje. Pistoni ikipanda inakuta kamba, inagoma. Injini imeshikwa. Unafungua boliti yako umekaa."

Shem alimtazama kwa uchungu wa kweli. "Sasa Mzee, mbona jana hukusema?"

"Jana ulinisalimia?"

Shem alipelekwa mtaa wa Gerezani kwa bodaboda, na yule kijana hakudai nauli. Maduka mengi ya spea Jumapili yamefunga, lakini walizunguka mpaka wakampata mmoja anayepanga bidhaa. Walikwenda na sili ya zamani kwa sababu usoni mwake zimechapwa namba za kipenyo cha ndani, cha nje, na unene, na muuza spea mzuri husoma hizo badala ya kukisia kwa jicho. Wakarudi na sili, mkanda, na ringi ya tapeti kava.

Walirudi wakalikuta gari limo ndani ya sherehe.

Vijana wa turubai walikuwa wamefika saa nne. Wakauliza gari linatoka saa ngapi. Mama mwenye nyumba akawaambia, "Fungeni hapohapo." Wakalifunga turubai juu ya Corolla yangu, viti mia na ushee kulizunguka, meza kuu kushoto kwake, spika kulia. Mama akaleta yale mashuka yaliyoharibika, akalifunika gari lote mpaka chini, madoa yakiwa kwa ndani. Kwa kuwa doa moja liligoma kujificha, mpambaji akaliwekea juu yake utepe mkubwa wa pinki.

Nilidhani tutasubiri wageni waondoke. Mzee akakataa. Mahali pa sili palikuwa wazi, tundu linaloingia moja kwa moja kwenye tumbo la injini, na nje ya saruji ua wetu ni mchanga. Watu mia wakianza kucheza, vumbi lote lingekwenda kulala kwenye oili. "Tutaifunga sasa hivi," akasema. "Muziki mkubwa utatusaidia."

Sili mpya huingizwa ikiwa imepakwa grisi kidogo mdomoni, chemchemi ikitazama ndani kwenye oili, na inagongwa sawasawa kuzunguka, isiinamie upande, mpaka iwe usawa na ukingo wa nyumba yake. Ukigonga kwa nyundo moja kwa moja inapinda. Unahitaji kitu cha duara, chenye uwazi wa kuipisha ncha ya krenki katikati, na ukingo wa kuisukuma sili bila kugusa mdomo wake. Tulijaribu kopo la nyanya, likakunjika. Tulijaribu kikombe cha chai cha bati. Mke wangu akaleta kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu, akaondoka nacho mwenyewe bila kuulizwa. Mwisho Mzee akageuka taratibu, akatazama lile bomba la inchi moja na nusu lililolala ukutani. Akalipima kwa vidole. Lilikaa juu ya sili mpya bila kupungua wala kuzidi.

Shem akataka kukata kipande. Mama mwenye nyumba, ambaye kwa siku mbili alikuwa amevumilia yote, akasimama mbele ya msumeno amevaa gauni lake la sherehe. "Mlingoti huo aliusimamisha marehemu mume wangu. Haukatwi."

Basi tukautumia mzima.

Naomba uione picha vizuri. Mzee yuko ndani ya tairi la kulia, chini ya shuka, amejifunika kitenge cha mke wangu, anashikilia ncha ya bomba kwenye sili. Bomba linatoka chini ya shuka, linapita nyuma ya spika, linaishia karibu na mapipa ya maji ya kunawa. Huko mwisho yuko Shem na nyundo. Hawaonani wala hawasikiani. Mimi nimesimama katikati, nimevaa suti, natabasamu kwa wageni. Mzee akivuta suruali yangu mara moja, najikuna kichwa, Shem anagonga. Akivuta mara mbili, nakohoa, Shem anaacha. Kwa kufuata ngoma ya muziki, hakuna aliyeshtuka. Bibi mmoja wa Morogoro alisifu besi ya spika zetu.

Ilikuwa inaingia vizuri. Tatizo MC alikuwa hajapewa maelezo. Alifika amechelewa, akapewa karatasi ya ratiba na kipaza sauti, na ilipofika zamu ya zawadi akatupa jicho ukumbini. Akaona kitu kikubwa, cheupe, chenye umbo la gari, kimefungwa utepe wa pinki pembeni ya meza kuu. Wewe ungewaza nini?

"Ndugu wageni waalikwa," akasema, na sauti ikamtetemeka kwa heshima, "nimeongoza sherehe nyingi hapa Dar es Salaam. Lakini familia hii... familia hii imetisha! Bibi harusi hatapanda daladala!"

Vigelegele. Nikamtazama Mama mwenye nyumba. Mama akanitazama mimi. Upande wa bwana harusi ukainuka wote, mashangazi mbele wanacheza, noti mkononi. Binti mwenyewe akaanza kulia. Bwana harusi akaanza kulia. Muziki ukazimwa ili watu washuhudie, na ndani ya ukimya ule likasikika, wazi kabisa, ko. Ko. Shem kule mwisho alikuwa hajui muziki umekwisha. Nikakohoa mpaka nikapaliwa kweli.

MC akalishika shuka, akahesabu mpaka tatu na ukumbi mzima, akavuta.

Ikaonekana Corolla ya mwaka 1998, juu ya magogo, tairi moja halipo, boneti imefungwa kwa kamba, na bomba refu la chuma limeichoma ubavuni. Kwenye nafasi ya tairi alikuwa amechutama mzee mwenye kitenge kichwani na tochi mdomoni. Akatoa tochi. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa sili, kuzunguka, bila haraka yoyote.

"Imekaa usawa," akaniambia.

Mama mwenye nyumba hakulikana gari. Angelikanaje, mashangazi wakiwa wamesharusha noti? Alipunga tu mkono, MC akaita chakula.

Jioni tukamalizia. Boliti ya puli ya injini hii hukazwa kwa 118 Nm, ambayo ni karibu sawa na uzito wa kilo 12 kwenye mkono wa mita moja. Mzee akachukua kamba ileile ya kuanikia nguo, akaikata, akaingiza kipande ndani ya silinda na injini ikashikwa. Kisha akaweka alama ya mita moja kwenye mlingoti na kuning'iniza hapo mfuko wa mchele uliobaki wa sherehe, uliopimwa kwenye mizani ya muuza duka. Mara hii bomba lilielekezwa mbele. Ufunguo wa gari ulikuwa ndani ya koti langu, na koti nilikuwa nimelivaa.

Kabla ya kuliwasha, Mzee akachomoa kidude kilichokaa kwenye tapeti kava, mwisho wa mpira mwembamba unaokwenda kwenye manifodi. Akakitikisa sikioni. Kimya. "Hiki ndicho pua ya injini," akasema. Ni vavu ya kupumulia: gesi zinazopenya pembeni ya pistoni zinapitia hapo zikachomwe upya. Ya kwangu ilikuwa imezibwa na tope jeusi, injini inajaa upepo tumboni, na upepo ukikosa pua unasukuma oili kupitia sili iliyochoka kuliko zote. Tungeiacha, sili mpya nayo ingesukumwa. Akaiosha kwa petroli, akaikausha, akaitikisa. Ikalia kidogo, ndani, chaka chaka.

Gari liliwaka. Chini, pakavu.

Jumatatu jioni ukaja ujumbe kutoka upande wa bwana harusi: wazee, shangazi mmoja, na kijana mwenye ovaroli waliyemtambulisha kama fundi wa ukoo. Wakakaribishwa chai. Mama mwenye nyumba akaniita nami, nadhani kwa adhabu. Mzungumzaji wao akaanza mbali, akashukuru ukarimu, akasifu pilau, kisha akaja polepole kwenye jambo lenyewe. Walikuwa wamekaa kikao. Wameipokea ile zawadi kwa moyo wote. Ila baada ya kushauriana na fundi, ukoo umeona vijana ndio kwanza wanaanza maisha, na gari kama lile ni mzigo. Wanaomba, bila kumvunjia mtu heshima, kuirudisha.

Mama akainamisha kichwa. Akasema ameumia, lakini anaheshimu uamuzi wa wakwe zake.

Shem ndiye aliyekasirika. "Limewakosea nini hasa? Sili mpya! Mkanda mpya! Vavu inalia!" Akataka kwenda kufungua boneti. Wazee wakainuka, wakaaga vizuri, ila fundi wao alibaki nyuma akilizunguka gari. Akachungulia tairi la kulia, akalitazama, akageuka kwa Mzee aliyekuwa kwenye kiti chake na gazeti.

"Shikamoo, Mzee. Samahani, lile bomba refu lililokuwa limeingia kwenye injini jana... lile ni la nini?"

"Marahaba," Mzee akasema, akageuza ukurasa. "La antena."